SOMO: TUJUE AINA ZA MIKOKO KABLA YA KUPANDA



Kutoka Mbaraki, ukifuata maji ya Kilindini kuelekea bara, utaona mikoko Port Reitz hadi Mwache. Wengi wetu huiita yote mikoko tu. Lakini Kenya ina aina 9, na kila aina ina mahali pake. Kikundi kikipanda bila kujua, miche hufa na jasho limepotea bure. Haya, tuangalie aina 5.

1. Mlilana: Hukaa mbele, upande wa bahari. Mizizi hutokeza juu ya tope kama vigingi vinene. Mafundi huutumia kwa mataruma ya vyombo.

2. Mkoko wenyewe: Hupenda tope, nyuma ya mlilana. Mizizi yake ni kama magongo yanayoushikilia. Mbegu humea ikiwa bado mtini, ndefu kama mkuki. Hutoa boriti, vyumba vya Mji wa Kale ni vyembamba kwa sababu vilifuata urefu wa boriti.

3. Muia: Mizizi yake huinuka kama magoti. Kikombe cha ua ni chekundu.

4. Mkandaa: Ni mdogo, na hustahimili chumvi karibu na nchi kavu. Hutoa fito, na gome lake hutoa rangi.

5. Mchu: Huota mbele na pia nyuma kabisa. Mizizi ni kama penseli. Lamba jani, utaonja chumvi.

JAMBO LA KUSHIKA

Mchu ukikatwa huchipuka tena. Mkoko ukikatwa shina, basi, umekufa.

Pia mizizi hii ndiyo pua ya mti. Mvua za El Niño za 1997–98 zilileta udongo mwingi Mwache, ukafunika mizizi, na mikoko mingi ikafa. Kwa hivyo anayezuia mmomonyoko shambani analinda mikoko pia.

KABLA YA KUPANDA

Shukeni maji yakipwa. Tazameni visiki: ni mti gani uliota hapo? Pandeni huohuo. Mikoko ni msitu wa serikali, kwa hivyo pitieni kwanza ofisi ya misitu.

Faida ipo. Huko Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 huwapa wanakijiji pesa za maji na shule kwa kulinda mikoko yao.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwetu kuna aina gani, na ipi imekwisha?
2. Nani hukata, na kwa haja gani?
3. Tutapata wapi kuni nyingine?