MWENYE KUJERUHIWA UBONGO NA HAKI YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Mas-ala haya yawahusu sana ndugu zetu wa Kyela, Ipinda, Matema na mwambao wote wa kaskazini ya Ziwa Nyasa. Tuseme mtu amepanda pikipiki kwenda Kasumulu, akagongwa na gari, akaumia kichwa. Baada ya siku chache jeraha likafunga. Mwenye gari akaleta fedha za dawa na gunia la mchele, jamaa wakasema: "Ni kadari ya Mungu, tumesamehe." Mwezi wa pili mgonjwa akawa hawezi kuhesabu fedha zake, asahau alilolisema asubuhi, na awaghadhibikia watoto bila sababu. Je, haki yake imekwisha?

Jawabu: Haikwisha. Na bayana yake ni hii.

Kwanza. Kuridhika na kadari ni ibada ya moyo, na dhamana ya aliyedhuru ni deni shingoni mwake. La kwanza haliliondoi la pili. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, imewajibishwa diya hata kwa aliyeua kwa kukosea, hali mauti nayo ni kadari.

Pili. Katika barua ya Mtume iliyopelekwa Yemen kwa mkono wa Amr bin Hazm, jeraha lifikalo ngozi ya ubongo lina thuluthi ya diya. Ama akili yenyewe ikiondoka, diya yake ni nzima, na asili yake ni ngamia 100. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj ya kuwa akili ikiondoka kwa jeraha lenye malipo yake, yote mawili hulipwa. Basi kupona jeraha si kupona mtu.

Tatu. Mdaiwa akisema, "Huyu ajifanya tu"? Katika kitabu hicho hicho imeelezwa ya kuwa huangaliwa faraghani mwake. Maneno na vitendo vyake visipokuwa na mpango, hupewa diya bila ya kiapo. Ndipo ujue thamani ya ushahidi wa watu wa nyumbani. Mke na ndugu waandike walionalo, na siku waliyoliona. Na matabibu wakisema akili yatarajiwa kurudi, hungojwa. Basi msifanye haraka ya suluhu.

Nne. Aliyepotewa na akili hawezi kusamehe, wala wali wake hana ruhusa ya kuitoa bure mali ya aliye chini yake. Msamaha ni fadhila kubwa, lakini ni wa mwenye haki, naye awe na akili timamu.

Ama njia ya kuidai: mahakama za Tanzania Bara hazihukumu kwa diya, bali hutoa fidia. Basi jambo liarifiwe polisi upesi, ichukuliwe fomu ya PF3, na zihifadhiwe karatasi zote za hospitali, za Kyela na za Mbeya. Dai la madhara kama haya lina muda wa miaka 3. Kila gari limelazimishwa na sheria kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine wanaodhurika nalo. Iulizwe bima hiyo. Aliyeumia kazini ana haki katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Na asiye na uwezo wa kumlipa wakili awatafute watoa msaada wa kisheria, ambao Sheria ya mwaka 2017 imewaweka wawahudumie wasio na uwezo bila malipo.

Ewe ndugu msomaji, mgonjwa wa namna hii huenda hajui hata kwamba ana haki. Ulimi wake ni wewe. Usiuuze kwa gunia la mchele.

Wallahu aalam.