Sangara, Mgeni wa Ziwa Victoria



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika somo hili tutasoma habari za mgeni mmoja aliyeingia katika Ziwa Victoria. Mgeni huyo ni samaki. Jina lake ni sangara. Wenzetu wa Kenya humwita mbuta.

Nenda kwenye mwalo wowote wa ziwa hilo, uwaulize wavuvi kama sangara ni samaki mzuri au mbaya. Hutapata jibu moja. Mmoja atasema kuwa sangara ndiye aliyemjengea nyumba ya bati. Mwingine atasema kuwa sangara ndiye aliyewamaliza samaki wa babu zake. Tena huenda mtu yule yule akayasema yote mawili. Tusome tuone kwa nini.

1. Ziwa kabla ya mgeni

Ziwa Victoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake ni karibu kilometa za mraba 68,800. Nchi za Tanzania, Uganda na Kenya zinalitumia kwa pamoja.

Zamani wavuvi wa ziwa hili walivua ngege, ningu, kambare, kamongo, dagaa na furu. Furu ni samaki wadogo wenye miiba mingi. Aina zao zilikuwa zaidi ya 500, na kila aina ilikuwa na kazi yake. Wengine walikula mimea midogo ya majini. Wengine walikula konokono, na baadhi ya konokono ndio wanaoeneza kichocho. Aina nyingi za furu hutunza mayai na watoto wao mdomoni mwa mama.

Furu walikuwa chakula cha watu wa kipato kidogo. Mama asiye na mtaji mkubwa aliweza kununua furu mwaloni, akawaanika juani, kisha akawauza mnadani. Jua halikumdai chochote.

2. Mgeni anaingia

Kwao sangara ni mto Nile, na maziwa kama Albert na Turkana. Maporomoko ya Murchison huko Uganda yalimzuia kupanda mpaka Ziwa Victoria. Hakuja mwenyewe. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza. Wengine wakaongezwa mwaka 1962 na 1963.

Kwa nini aliletwa? Waliomtaka waliona kuwa furu hawana thamani. Walifikiri ni afadhali furu waliwe na samaki mkubwa, halafu watu wamvue huyo mkubwa. Wengine walitaka samaki wa kuvua kwa ndoano kama mchezo. Baadhi ya wataalamu walipinga. Walihofia kuwa samaki huyu mlafi angeharibu uvuvi uliokuwapo.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 aliletwa mgeni mwingine, naye ni sato. Ndiyo, ndugu msomaji, huyo sato unayemsifu mezani naye si mwenyeji wa ziwa hili.

3. Hasara iliyoonekana

Kwa muda wa miaka kama ishirini sangara hawakuonekana wengi. Kisha wakaongezeka ghafla. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijaa katika Ghuba ya Nyanza upande wa Kenya. Miaka michache baadaye walijaa katika Ghuba ya Mwanza.

Mwanzoni wavuvi wengi hawakumpenda. Sangara anaweza kuzidi uzito wa kilo 100. Nyavu za samaki wadogo zilipasuka. Nyama yake ina mafuta mengi, kwa hiyo haikauki vizuri juani. Ilibidi ikaangwe au ikaushwe kwa moshi. Kuni zikahitajika, na miti ikakatwa.

Furu nao walipungua sana. Inakadiriwa kuwa aina kama 200 zilitoweka. Lakini tusimbebeshe sangara mzigo wote peke yake. Uvuvi wa kupita kiasi ulichangia. Uchafu kutoka mijini na udongo kutoka mashambani nao uliharibu maji. Ngege pia akapungua, mpaka sasa hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya jirani.

4. Faida iliyopatikana

Baadaye watu walijifunza kumvua, kumpika na kumwuza sangara. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu na miji mingine. Minofu ilisafirishwa mpaka Ulaya. Wavuvi, wachukuzi, mafundi wa mitumbwi na wauza barafu walipata kazi. Watoto walisomeshwa kwa fedha ya sangara. Hata bondo, yaani kifuko cha hewa kilicho tumboni mwake, hununuliwa kwa bei kubwa na kupelekwa China.

Lakini faida hiyo haikumfikia kila mtu kwa kipimo kimoja. Kumvua sangara kunahitaji nyavu imara, mtumbwi mzuri, na mara nyingi injini na barafu. Asiye na fedha hizo humfanyia kazi mwenye nazo. Minofu ilipokwenda kiwandani, vichwa na mifupa, yaani mapanki, ndivyo vilivyobaki kwa wanunuzi wengi wa mitaani. Tena bei iliamuliwa mbali. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kwa kuhofia sumu iliyotumiwa na wavuvi haramu. Mvuvi mwaminifu aliumia pamoja na mkosaji.

Sasa unaona kwa nini jibu la mvuvi huwa na pande mbili. Hasemi uongo, wala hajachanganyikiwa. Anahesabu alichopata, na anakumbuka alichopoteza.

5. Tufanye nini?

Sangara hawezi tena kurudishwa alikotoka. Kazi yetu ni kumtumia vizuri na kutorudia kosa.

Kwanza, tusivue sangara wachanga. Sheria ya Tanzania hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Jike kubwa hutaga mayai mamilioni. Ukivua watoto leo, kesho utavua maji.

Pili, tusitumie sumu wala makokoro. Vyombo hivyo havichagui mkubwa na mdogo, mgeni na mwenyeji. Katika miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kuonekana tena, sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana. Hao waliosalia tuwatunze.

Tatu, usipandikize samaki mgeni katika mto, bwawa au ziwa bila kumwuliza Bwana Samaki. Huenda jirani akakupa vifaranga kwenye ndoo, akakuambia kuwa wanakua upesi. Kabla ya kuvimwaga, jiulize maswali matatu. Samaki huyu anakula nini? Maji yakifurika, atakwenda wapi? Nikimchoka, nitaweza kumtoa? Kumwaga ndoo ni kazi ya dakika moja. Hasara yake inaweza kuwakuta wajukuu.

Nne, tusimwite samaki yeyote duni kwa sababu bei yake ni ndogo. Furu aliitwa hivyo, kumbe alilisha maskini na kula konokono.

Maswali ya kujadiliana

1. Sangara aliletwa kwa sababu gani?
2. Kwa nini kukausha sangara kuna gharama kuliko kukausha furu?
3. Taja watu watatu waliofaidika na watatu waliopata hasara. Je, kuna aliyepata yote mawili?
4. Katika kijiji chenu kuna mmea, mnyama au samaki aliyeletwa kutoka nje? Wazee wanasemaje juu yake?

Zoezi

Pima mkono wako kwa futi kamba, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Andika ni sentimita ngapi. Je, imefika 50? Weka alama ya sentimita 50 kwenye kasia au ubavuni mwa mtumbwi. Sangara asiyefika alama hiyo hajafikia kuvuliwa.