Kuchagua Vipuri vya Pikipiki Kuukuu

Mtu atokaye Bangale na mgonjwa juu ya pikipiki kwenda hospitali ya Garissa hupita nyika kavu. Mnyororo ukikatika njiani, hapana duka wala fundi karibu. Kwa hiyo yampasa kila mwenye pikipiki kuukuu ajue kuchagua vipuri vyake.

Kwanza, kifungue kipuri kibovu, ukisafishe, usome nambari yake, kisha uende nacho dukani ukilinganishe. Mnyororo wa 428 haukai juu ya meno ya 520. Beringi nayo huandikwa nambari ubavuni: yenye 6202 ina tundu la milimita 15.

Pili, uvute mnyororo kwa nyuma, pale unapozunguka gia ya gurudumu. Ukiinuka hata nusu ya jino ikaonekana, umekwisha. Ubadili pamoja na gia zake mbili, kwa maana meno yaliyochongoka huula mnyororo mpya upesi.

Tatu, tazama tarakimu nne za mwisho katika mstari wenye herufi DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi ghalani hukauka na kupasuka, ingawa halijakanyaga njia.

Mwisho, tafuta alama ya Shirika la Viwango la Kenya, tena udai risiti. Boksi zuri si ushahidi. Bandia nayo huvikwa vizuri. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa kitakachovunjika chaweza kuwa mguu wa mtu.