SOMO: FAIDA IKIPATIKANA, IGAWANYWE AU IBAKI?



Redio ikitangaza kwamba kampuni ya mafuta huko Ulaya imepata faida ya mabilioni, wengi wetu huguna tu na kuendelea na jembe. Ati hayo ni mambo ya wakubwa. Lakini kampuni ya namna hiyo, hata iwe kubwa vipi, ni watu walioweka pesa pamoja, wakanunua vifaa, wakafanya biashara, na sasa lazima waamue watafanya nini na kilichopatikana. Swali hilo hilo ndilo linaloleta maneno katika vikundi vyetu kila Desemba. Kwa hivyo safari hii tutafungua hesabu za kampuni moja, Shell, tuone wao wanagawana vipi. Mweka hazina awe na karatasi na kalamu karibu.

Shell huchimba mafuta na gesi katika nchi nyingi. Makao yake makuu yalihamia London mwaka 2022 kutoka Uholanzi. Wengine watauliza juu ya vile vituo vya petroli vyetu vyenye alama ya kombe la manjano. Hivyo si vya Shell yenyewe. Mwaka 2011 Shell ilikubali kuuza biashara hiyo katika nchi nyingi za Afrika, na hapa Kenya vituo hivyo huendeshwa na Vivo Energy, inayolitumia jina kwa ruhusa. Shell yenyewe pesa zake nyingi hutoka kwenye visima na gesi.

Mara nne kwa mwaka, yaani kila robo mwaka, kampuni hutoa hesabu zake hadharani. Wenye hisa, magazeti na serikali wote huzisoma siku moja. Hapo pekee tuna la kuiga: kuna vikundi ambavyo wanachama huona kitabu cha hesabu mara moja kwa mwaka, tena kutoka mbali.

Faida si pesa iliyo mkononi

Hapa ndipo watu wengi huteleza, basi twende polepole. Tuseme kikundi chenu kilinunua mashini ya posho kwa shilingi 200,000, na fundi amesema itadumu miaka 10. Mwaka huu mmesaga, mkalipa dizeli na kijana wa kusaga, na zikabaki shilingi 60,000 taslimu. Je, faida ni 60,000? Hapana. Mashini imezeeka mwaka mmoja. Mwenye kuandika hesabu vizuri atatoa 20,000 za uchakavu, na faida itakuwa 40,000. Zile 20,000 hazijatoka sandukuni, bado zipo, lakini ni za mashini ya kesho.

Sasa tazama Shell. Katika robo ya pili ya mwaka 2025 ilitangaza faida ya karibu dola bilioni 4.3, baada ya kuondoa mambo ya mara moja tu. Lakini pesa taslimu zilizoingia kutokana na kazi zake zilikuwa kama bilioni 11.9. Tofauti kubwa hapo ni ule uchakavu wa visima na mitambo. Katika miezi hiyo mitatu wenye hisa walipewa karibu bilioni 5.7. Kwani wamegawana zaidi ya faida? Ndiyo, wamegawana zaidi ya faida, ila hawakuzidi pesa zilizoingia. Na tena karibu bilioni 5.8 zilitumika kwa mitambo na miradi. Jumlisha mwenyewe: kilichosalia kilikuwa kidogo, na deni lao likapanda kidogo kufika kama bilioni 43.

Mambo huweza pia kwenda kinyume. Katika robo ya pili ya mwaka 2020 Shell iliandika hasara ya dola bilioni 18.1. Ukisikia hivyo utadhani mwizi ameingia. Lakini sehemu kubwa, karibu bilioni 16.8, ilitokana na kupunguza thamani ya mali kwenye vitabu, kwa sababu walikadiria bei ya mafuta na gesi haingekuwa kama walivyotumaini. Ni sawa na umeme kufika kijijini, jirani akafungua kinu cha umeme, na ninyi mkakubali kwamba ile mashini ya dizeli haina tena thamani iliyoandikwa. Siku hiyo hakuna shilingi iliyotoka. Kwa kweli, hata katika robo hiyo mbaya, pesa taslimu za Shell ziliingia, kama bilioni 2.6.

Kwa hivyo mtu akisimama mkutanoni na kusema, “Tumepata hivi, tugawane,” mwulizeni: ni faida ya kitabuni au ni pesa zilizo sandukuni?

Ahadi iliyogeuka mzigo

Sehemu ya faida anayopewa mwenye hisa huitwa gawio. Kwa miaka mingi Shell ilijulikana kwa jambo moja: haipunguzi gawio. Tangu Vita Vikuu vya Pili haikuwa imelipunguza. Bei ya mafuta ipande, ishuke, wenye hisa walipata chao. Kufikia mwaka 2019 gawio lilikuwa senti 47 za dola kwa kila hisa kila robo mwaka, na kwa mwaka mzima zilitoka karibu dola bilioni 15. Kule Uingereza mifuko mingi ya pensheni iliitegemea pesa hiyo kulipa wazee waliostaafu. Si matajiri peke yao waliokula.

Ukaja ugonjwa wa korona. Ndege zikakaa chini, magari yakaegeshwa, mafuta yakakosa mnunuzi. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mafuta ghafi huko Marekani ilianguka chini ya sufuri: mwenye mafuta alimlipa mtu ili ayachukue! Ilikuwa kwa muda mfupi tu, lakini ilitisha. Siku kumi baadaye, tarehe 30 Aprili, Shell ikatangaza kwamba gawio litatoka senti 47 hadi senti 16. Yaani aliyezoea kupata mikate mitatu sasa ni mmoja. Mkuu wa kampuni wakati huo alikuwa Ben van Beurden.

Kampuni haikuwa imefilisika. Robo hiyo ilipata faida ya dola bilioni 2.9, ingawa mwaka uliotangulia, katika miezi hiyo hiyo, ilikuwa bilioni 5.3. Lakini ilikuwa na deni la zaidi ya bilioni 70. Kuendelea kulipa senti 47 kungemaanisha kukopa ili kugawa, na mimi nasema kukopa ili kugawa ni kula mbegu. Nadhani waliamua sawa, ingawa walichelewa. Ile ahadi ya “hatupunguzi kamwe” ilikuwa imewafunga miaka na miaka, na siku ya kuivunja ilipofika walioumia zaidi ni wale waliokuwa wameiamini zaidi.

Baada ya hapo walibadilisha mtindo. Gawio likaanza kupanda tena kidogo kidogo. Juu yake wakaweka kipimo: mwezi Juni 2023 walisema watawapa wenye hisa asilimia 30 hadi 40 ya pesa taslimu zinazotokana na kazi, na Machi 2025 wakaipandisha hadi asilimia 40 hadi 50. Angalia kwamba hiyo ni sehemu ya kilichoingia. Kisipoingia kingi, hakitoki kingi. Hata hivyo kufikia mwaka 2025 gawio lilikuwa senti 35.8, bado chini ya zile 47.

Kununua hisa na kuzifuta

Gawio ni njia moja. Njia ya pili wengi hawaijui, na siku hizi ndiyo inayobeba pesa nyingi zaidi: kampuni hununua hisa zake yenyewe na kuzifuta.

Turudi kwenye mashini yetu. Tuseme kikundi kina hisa 20 na faida ya kugawa ni 40,000. Kila hisa inapata 2,000. Wanachama wanne wanahamia mjini na wanataka kutoka. Kikundi kinawalipa kutoka sandukuni na kufuta hisa zao. Zimebaki 16. Mwaka ujao faida ikiwa 40,000 tena, kila hisa itapata 2,500. Waliobaki wamepandishiwa sehemu yao bila kuguswa mkononi.

Inaonekana tamu. Lakini yote hutegemea mliwalipa wale wanne bei gani. Mkiwalipa kupita thamani, waliobaki ndio waliopunjwa. Mkiwalipa kidogo mno, waliotoka wameibiwa. Na pesa za sandukuni hazipo tena mashini ikiharibika.

Mwaka 2020 Shell ilikuwa na hisa kama bilioni 7.8. Kufikia 2025 zilikuwa chini ya bilioni 6. Hapo utaona kwa nini jumla ya gawio imeshuka sana: hisa ni chache, na kila moja inalipwa chini ya zamani. Lakini tazama walivyonunua. Mwaka 2020 hisa moja ilifika chini ya pauni 10 za Uingereza, na wakati huo kampuni ilikuwa imesimamisha kununua kwa sababu haikuwa na pesa. Mwaka 2022 pesa zilipojaa, wakanunua kwa wingi, na kwa miezi mingi hisa ilikuwa zaidi ya pauni 20. Mkulima anayenunua mahindi mwezi wa njaa badala ya wakati wa mavuno ataelewa haraka.

Mwaka 2022 na yule anayelipa

Urusi iliivamia Ukraine Februari 2022, na bei ya mafuta na gesi ikaruka. Robo ya pili ya mwaka huo Shell ilipata dola bilioni 11.5, na mwaka mzima bilioni 39.9, kiasi ambacho haikuwahi kufikia. Wenye hisa waligawiwa kama bilioni 26, na deni likashushwa hadi karibu bilioni 45. Kulipa deni wakati wa neema lilikuwa jambo la busara, hilo sitalipinga.

Lakini neema hiyo haikutokana na kazi kubwa zaidi. Bei ilipanda kwa sababu ya vita, na aliyelipa ni mwenye kupasha nyumba joto huko Uingereza na mwenye kununua dizeli ya mashini huku kwetu. Serikali ya Uingereza iliona hivyo na mwezi Mei 2022 ikatangaza kodi ya ziada ya asilimia 25 kwa faida ya mafuta na gesi yanayochimbwa nchini humo, na Januari 2023 ikaifikisha asilimia 35. Makampuni yalilalamika kwamba kodi hiyo itaua miradi mipya. Tusiwacheke upesi. Mashini yetu ikiwa ya pekee kijijini wakati wa njaa, nasi tukapandisha bei ya kusaga, watu husema nini juu yetu?

Maswali ya kujadiliana kikundini

Je, mweka hazina wetu hutoa uchakavu wa mashini, ng'ombe au mizinga kabla ya kutaja faida?

Tumewahi kuwaahidi wanachama kiasi kamili cha gawio? Mwaka mbaya ukija, tutakipata wapi, na nani ataumia kwanza?

Ingekuwaje tukiandika kwenye katiba yetu sehemu ya pesa ya kugawa, tuseme theluthi moja ya taslimu iliyoingia, badala ya kutaja shilingi?

Mwanachama akitoka leo, hisa yake ina bei gani? Nani aliipanga, na aliipanga lini?