Dondoo muhimu: Sikukuu bila majeraha

Desemba shule zimefungwa, na nyumba za Mwanza zinajaa wajukuu na wageni kutoka Ukerewe na Geita. Ninachokihofia zaidi ni karai la mafuta ya kukaangia sato, likiwa juu ya jiko la chini huku watoto wakikimbizana. Liwekeni pembeni, mtu mzima asibanduke hapo. Mtoto akiungua, mmwagieni maji safi kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno wala unga; mpelekeni hospitali.

Jiko la mkaa lisilale ndani, hata mvua ikinyesha: hewa yake huua waliolala. Ndoo za maji zifunikwe, mtoto asitumbukie. Huko Mabatini na Igogo, mawe ya mlimani yakilowa huteleza. Wazee washikwe mkono. Nyumba ikishika moto, tokeni kwanza, kisha pigeni 114.