Leseni Ikishatolewa: Namna ya Kukata Rufaa ya Mazingira

Watu wa vijiji vya mwambao wetu wa Kenya, waamkapo na kukuta buldoza limekwisha fyeka kichaka walichozoea kulishia mbuzi, huniuliza swali ambalo nimelisikia kwa sura nyingi: je, leseni iliyokwisha kutolewa na serikali yaweza kutenguliwa? Huniuliza mimi, ambaye si wakili wala sikupata kusomea sheria, kwa kuwa nilikuwa katibu wa kamati ya kijiji kilichokata rufaa dhidi ya leseni ya kinu cha kusaga kokoto. Na maadamu nimeipita njia hiyo mwenyewe, naona ni wajibu kuieleza kwa wale ambao zamu yao haijafika bado. Jibu ni kwamba yaweza kutenguliwa. Lakini aghalabu hutenguliwa kwa sababu zisizokuwa zile zilizomkasirisha mlalamikaji, na kulielewa jambo hili mapema ni zaidi ya nusu ya kazi.

Kwanza niseme juu ya siku, kwa kuwa siku ndizo zinazowaangusha wengi. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinampa mtu aliyeudhiwa na kutolewa kwa leseni siku 60 za kukata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Jopo hili si tawi la NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, ambayo ndiyo iliyoitoa leseni. Mwenyekiti wake hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama, naye sharti awe na sifa za kumwezesha kuwa jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na wajumbe wake ni mchanganyiko wa wanasheria na wataalamu wa mazingira. Siku hizo 60 hazimngoji mtu. Hazisimami kwa kuwa umemwandikia chifu, wala kwa kuwa mwakilishi wa wadi ameahidi kulifikisha jambo katika bunge la kaunti, wala kwa kuwa mwenye mradi amewaita wazee kunywa chai na kuzungumza kwa insafu. Nami nimekiona kijiji jirani, chenye hoja nzito kuliko zetu, kikirudishwa bila ya kusikilizwa kwa sababu muda wake wote uliishia katika mazungumzo ya namna hiyo. Pamekuwa na mabishano mengi kuhusu hesabu ianzie wapi, kwenye tarehe ya leseni au kwenye siku mwananchi alipopata habari yake, na kuhusu kama Jopo lina uwezo wa kuongeza muda au halina. Mabishano hayo waachie mawakili. Wewe hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya leseni, hata kama habari ilikufikia baadaye.

Baada ya siku huja karatasi. Haiwezekani kuipinga ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira kwa kusimuliwa yaliyomo. Sharti uipate yote, pamoja na viambatisho vyake, na leseni yenyewe pamoja na masharti yaliyoandikwa nyuma yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa ajibu ndani ya siku 21. Msomaji atambue kwamba siku 21 ni zaidi ya thuluthi ya zile 60, na kwa hiyo barua ya kuomba ripoti yapasa iondoke siku ile ile habari ya leseni inapopatikana. Andika nakala mbili, zipeleke kwa mkono, na usiondoke masjala kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua yetu ya kwanza ilikaa kimya, na nakala ile yenye muhuri ndiyo iliyokuwa burhani yetu kwamba kimya hicho hakikuwa chetu.

Ripoti ilipopatikana, wengi katika kamati waliifungua mahali palipoandikwa habari za vumbi na kelele. Mimi naomba kila mtu aanze kwa viambatisho vya mwisho, ambako huwekwa ushahidi wa kwamba wananchi waliulizwa. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi aitishe mikutano isiyopungua mitatu pamoja na watu watakaoathirika, abandike matangazo mahali pa hadhara karibu na eneo la mradi, atangaze gazetini, na atangaze redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, mara moja kwa wiki kwa wiki mbili mfululizo. Kisha ripoti ikiwa tayari, NEMA nayo iwaalike wananchi kuleta maoni yao ya maandishi. Katika viambatisho vyetu palikuwa na rundo la madodoso yaliyodaiwa kujazwa na wakazi mbalimbali, wanawake kwa wanaume, wavuvi kwa wakulima, na katika safu ya maoni kila mmoja wao alikuwa ameandika kwamba mradi utaleta ajira, akalikosea neno ajira kwa namna ile ile, kwa kuliandika «anjira». Palikuwa pia na orodha ya mahudhurio ya mkutano ambayo kichwa chake cha habari, kilichofunikwa nusu wakati wa kutoa nakala, kilitaja ugawaji wa vyandarua. Hatukuhitaji mtaalamu kutoka Nairobi kutueleza hayo. Tulihitaji tu waliotajwa wakaribie taa, mmoja mmoja, watazame sahihi zao.

Kwa nini nasisitiza habari hii kuliko vumbi? Shauri la Lamu litasema vizuri kuliko mimi. Mwezi wa Septemba 2016 NEMA iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga hapo Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mji Mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Jumuiya ya Save Lamu na wenyeji wengine wakakata rufaa, na mnamo tarehe 26 Juni 2019 Jopo likaitengua leseni. Halikusema kwamba makaa ya mawe ni haramu, wala halikuifungia kampuni isirudi na tathmini mpya. Lilisema kwamba mikutano iliyofanywa ilikuwa ya utangulizi tu, iliyotangulia matokeo ya uchunguzi, hata watu wakawa wanaulizwa juu ya mradi ambao madhara yake hawajaelezwa; na kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Ushiriki wa wananchi Jopo liliufananisha na hewa ya oksijeni, ambayo ripoti ikiikosa huzaliwa maiti, hata iwe na unene gani. Kampuni ikapeleka rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi, nayo ikakataliwa mwezi wa Oktoba 2025. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita baina ya leseni na hukumu hiyo ya mwisho, upate kujua ni subira ya aina gani utakayowaomba wenzako.

Basi ukiketi kuandika sababu za rufaa, anza na njia iliyofuatwa: nani aliulizwa, lini, kwa lugha gani, akiwa na habari zipi mkononi. Hapo ndipo uje kwenye kasoro za kisayansi, na mwisho kabisa, kwa maneno machache, dhulma unayoihisi. Kila sababu iwe na karatasi yake nyuma. Ambatisha leseni unayoipinga, hati za viapo za wale waliokana sahihi, barua zenye mihuri, na picha za ubao wa matangazo wa chifu ambao haukuwa na tangazo. Usijisumbue kuthibitisha kwamba kifua chako mwenyewe kimekwisha dhurika, kwa kuwa Katiba, katika kifungu cha 70, haimtaki mtetezi wa mazingira aonyeshe kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Wakili si sharti, lakini akipatikana wa hisani kutoka katika jumuiya za kutetea haki, mpokee kwa mikono miwili.

Jambo moja limebadilika, na wanaotegemea habari za zamani hudanganyika nalo. Hapo awali rufaa ikishapelekwa, kazi yote ya mradi ilikuwa ikisimama kwa nguvu ya sheria yenyewe. Siku hizi haisimami mpaka uombe, na Jopo liridhike kwamba kuna haja. Kwa hiyo pamoja na rufaa peleka ombi la kudumisha hali ilivyo, lenye kueleza ni kitu gani kitakachoharibika kisiweze kurudishwa. Sisi tulitaja kisima cha maji baridi kilichokuwa hatua chache kutoka mahali pa kulipulia mawe, na amri ikatoka.

Siku ya kusikilizwa si ya kutisha kama wengi wadhanivyo, maana Jopo halifungwi na kanuni kali za sheria ya ushahidi. Shahidi wetu aliyewavutia wajumbe kuliko wote alikuwa mvuvi mzee. Ripoti ilidai kwamba upepo ungelichukua vumbi la kinu mbali na nyumba zetu, ambazo ziko kaskazini magharibi ya machimbo. Wakili wa upande wa pili, kijana mwenye adabu, akamwuliza, «Mzee, una shahada gani ya mambo ya hali ya hewa?» Mzee akajibu, «Shahada sina, mwanangu. Lakini niulize mwezi wa Juni chombo kisicho na nahodha kitaangukia wapi.» Mjumbe mmoja akamgeukia mtaalamu wa kampuni na kumwuliza vyombo vyake vya kupimia viliwekwa mwezi gani. Akapekua kurasa zake kitambo, kisha akasema Januari. Januari ni kaskazi. Na kila mtoto wa pwani anajua kwamba kusi likiingia, tangu Aprili hivi, upepo hugeuka na kutoka upande ule ule ambao kinu kilikusudiwa kuwekwa.

Jopo lina uwezo wa kuithibitisha leseni, kuitengua, au kuibadilisha, na pia kuamua nani alipe gharama. Asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni yetu ilitenguliwa, na tuliokuwa ukumbini tukakumbatiana; wakili wetu, ambaye ana uzoefu, alituacha tumalize furaha yetu kisha akatukumbusha kwamba mwenye mradi hakukatazwa kuomba tena. Naye aliomba. Safari hii mikutano ilifanyika chini ya mwembe wa shule, kwa Kiswahili, ripoti ikiwa imefupishwa katika kurasa ambazo hata wasiosoma walisomewa. Vipimo vya upepo vilichukuliwa misimu yote miwili, na kinu kikasogezwa ng'ambo ya pili ya machimbo. Leseni mpya ikatolewa, kukiwa na masharti ya kunyunyiza maji, ya saa za kulipua, na ya kisima kupimwa.

Tulikaa kikao kuamua kama tukate rufaa ya pili. Vijana walitaka, na sitawalaumu. Wazee walipinga, nami nilikuwa upande wa wazee, kwa sababu safari hii hatukuwa na kasoro ya kuonyesha isipokuwa kwamba hatukipendi kinu. Sasa kinasaga. Nakala ya masharti imebandikwa katika duka la kijiji, na kwa kuwa sheria inamtaka mwenye mradi afanye ukaguzi wa mazingira kila mwaka na kuipelekea NEMA ripoti, kamati huiomba ripoti hiyo kila inapotoka, kwa barua yenye nakala mbili.