SOMO LA WIKI: Kibanda cha faiba juu ya boti ya chuma

Wafanyabiashara wa Kyela wanazifahamu MV Njombe na MV Ruvuma, meli za mizigo zilizojengwa Bandari ya Itungi na kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza na kukabidhiwa mwaka 2017. Kila moja hubeba tani 1,000. Ni meli za chuma, na chuma kwa chuma huungwa kwa kuchomelea.

Mwenye mtaji mdogo anayeagiza boti ya chuma huenda akashauriwa kuweka kibanda cha faiba. Hoja hiyo ina msingi. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu tani 7.8; ya faiba haifiki tani 2. Tuseme kibanda kimepungua tani moja: hayo ni magunia 10 ya mchele ya kilo 100. Tena uzito ukipungua juu, chombo hutulia zaidi upepo wa mwera unapochafua ziwa.

Hasara hujificha kwenye kiungo. Faiba haichomelewi, kwa kuwa moto huunguza resini inayoshika nyuzi zake. Zimebaki bolti na gundi. Bolti hufungwa upesi na hufunguka, lakini kila tundu hukata nyuzi na kupitisha maji, na chuma kikaliwa na kutu pasipoonekana. Gundi hutawanya mzigo, ila hudai chuma kikwanguliwe hadi king'ae na kiwe kikavu kabisa. Wimbi likipinda chombo, chuma hupinda kidogo na faiba zaidi. Mwisho wa kiungo ndio huachia kwanza.

Wafaransa, katika manowari zao za La Fayette za miaka ya 1990, waliifunga faiba kwenye ukingo wa chuma kwanza, kisha ukingo huo ukachomelewa kwenye meli. Marekani ilitumia jengo la juu la namna hiyo kwa meli mbili za kwanza za Zumwalt. Ya tatu ikarudishwa kwenye chuma ili kupunguza gharama.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mwulize fundi mambo matatu: kiungo ni cha aina gani, kitafanyiwa mahali pakavu penye paa, na kitakaguliwaje kila mwaka bila kubomoa? Mchoro aoneshwe mkaguzi wa TASAC mapema. Bei ya kibanda isiyo na bei ya kiungo si bei kamili.